Kwanza niambie unashukia mji gani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: rafiki anayependa utamaduni wa Kijapani anasafiri kwenda huko kwa mara ya kwanza, utampa kitabu gani aende nacho? Mimi kabla ya kumpa chochote nitamwuliza anashukia mji gani. Najua wengi watataja vitabu vinavyoeleza jinsi "Wajapani walivyo". Vitabu hivyo ndivyo nitakavyomsihi aviache nyumbani.

Mwaka 2014 nilikwenda kozi ya miezi mitatu Matsuyama, mji ulio kwenye kisiwa cha Shikoku, na ndani ya ndege nilimaliza kitabu kinene cha aina hiyo. Kilinifundisha kwamba Mjapani hasemi lililo moyoni mwake, na kwamba kosa dogo la mgeni humfedhehesha kila mtu. Wiki mbili za kwanza nilikaa na wenzangu kama mtu aliyekwenda kuposa: mgongo wima, mikono magotini, maneno ya kuhesabu. Walidhani naumwa. Aliyeniokoa ni mama wa makamo aliyekuwa akitupikia bwenini. Alinipa riwaya nyembamba ya tafsiri ya Kiingereza, kingo zimelika kwa kusomwa, kisha akaonyesha kidole dirishani, yaani hadithi yenyewe ni ya hapa hapa.

Ilikuwa Botchan ya Natsume Soseki, iliyotoka mwaka 1906. Soseki alifika Matsuyama mwaka 1895 kufundisha Kiingereza, akakaa mwaka mmoja tu. Katika riwaya, mwalimu kijana kutoka Tokyo anapangiwa kazi katika mji mdogo wa Shikoku na karibu kila kitu kinamkera. Wanafunzi wanamfuata nyuma kuona anachokula. Akila dango, vile vidonge vya unga wa mchele, kesho yake anakuta habari imeandikwa ubaoni. Akiogelea ndani ya bafu la maji moto, anarudi na kukuta kibao kimetundikwa: marufuku kuogelea.

Sasa nenda Dogo Onsen, bafu la umma la maji moto la Matsuyama. Jengo lake kuu la mbao lilijengwa mwaka 1894, likamkuta Soseki likiwa bado jipya. Unavua viatu, unakata tiketi, unakaa kwenye kigoda na kujisugua kwa sabuni mwili mzima, unajisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia majini. Nilipoinua macho nikaona kibao ukutani. Herufi sikuzijua, lakini nilikuwa nimeisoma sura ile usiku wa kuamkia siku hiyo, nikakishuku. Nikamgeukia mzee aliyekuwa kando yangu nikatamka jina moja tu: "Botchan?" Alicheka mpaka maji yakatikisika. Akanionyesha neno kwa neno: Botchan haruhusiwi kuogelea humu. Kisha akaanza kunisimulia mambo mengi ambayo hata robo yake sikuielewa, na mimi nikawa nacheka naye.

Mji uliosimangwa kitabu kizima umekifanya kitabu kuwa mali yake. Kuna treni ndogo ya barabarani iliyoundwa kwa mfano wa ile ya kwenye riwaya, na kuna dango za rangi tatu zinazouzwa kwa jina la huyo huyo mwalimu mlalamishi. Kitabu changu kinene hakikunidokeza kwamba nitakutana na watu wanaoweza kutaniwa kwa miaka zaidi ya 100 na wakaendelea kuufurahia utani. Ndiyo maana nasema kitabu cha msafiri kiwe cha mahali, ili ukitoka nje ukutane nacho.

Kama rafiki anakwenda Kyoto, nitampa Mishima Yukio, ile riwaya ya mwaka 1956 kuhusu Hekalu la Dhahabu. Mwezi Julai mwaka 1950 mtawa kijana alilitia moto hekalu hilo, likateketea, na jengo linalopigwa picha leo na maelfu ya wageni lilikamilika mwaka 1955. Asiyejua hilo atasimama mbele ya bwawa akisema ameona kitu cha karne nyingi. Aliyesoma atasimama pale pale akifikiria moto.

Kama anakwenda kaskazini wakati wa baridi, Yukiguni ya Kawabata Yasunari, yaani nchi ya theluji, na ashuke Yuzawa, mji wa hadithi hiyo. Hadithi inaanza treni ikitoka kwenye handaki refu la mpakani mwa mikoa. Handaki hilo, Shimizu, lilifunguliwa mwaka 1931 na bado linatumika, ila siku hizi treni za kawaida hupita humo zikirudi upande wa Tokyo. Za kwenda hupita handaki jipya lililo jirani. Kwa hiyo aende kwa treni ya mwendokasi akitaka, lakini arudi kwa ile ya polepole, kitabu kikiwa mkononi.

Mshairi Basho atanizuia kidogo. Safari yake ya kwenda mikoa ya kaskazini mwaka 1689, kwa miguu, miezi mitano hivi, aliyoiandikia kitabu, imewavuta wasafiri wengi sana, nami nilipanda ngazi za Yamadera, zaidi ya 1,000, kwa ajili yake. Lakini asimtumie kama ramani. Sora, mwenzake wa njiani, aliandika shajara, na ilipochapishwa mwaka 1943 ikaonekana kwamba Basho alibadili tarehe na matukio ili maandishi yake yakae vizuri. Kwangu mimi hilo linaongeza utamu: mtu alitembea nchi nzima, kisha akakaa miaka akiitengeneza upya safari yake.

Na Ruth Benedict, yule mwanaanthropolojia Mmarekani? Kitabu chake cha mwaka 1946 kuhusu Wajapani, The Chrysanthemum and the Sword, kimeheshimiwa sana, nacho ni kazi ya akili kubwa. Lakini kilitokana na utafiti wa wakati wa vita, na alikiandika bila kukanyaga Japani. Akisome akisharudi.

Kuna kimoja nitakachompa hata kama safari ni ya siku tatu. Ni Totto-chan ya Kuroyanagi Tetsuko, ya mwaka 1981, kumbukumbu za mtoto aliyefukuzwa shule kwa utundu akapokewa na mwalimu Kobayashi katika shule ya Tomoe, Tokyo, ambayo madarasa yake yalikuwa mabehewa ya treni. Kobayashi aliwataka wazazi wafunge chakula chenye kitu cha baharini na kitu cha mlimani. Mtoto aliyepungukiwa, mke wa mwalimu alipita na sufuria akamwongezea. Shule iliungua kwa mabomu mwaka 1945. Kuroyanagi alipoteuliwa kuwa balozi mwema wa UNICEF mwaka 1984, safari yake ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa Tanzania, na huko ndiko alikogundua kwamba jina lake la utotoni, Totto, lina maana kwa Kiswahili: toto.

Picha za kitabu hicho zilichorwa na Iwasaki Chihiro. Katika bustani yenye jina la mchoraji huyo, kijijini Matsukawa, mkoa wa Nagano, tangu mwaka 2016 yamewekwa mabehewa ya zamani yaliyopangwa kama darasa la Tomoe, madawati na yote. Rafiki akipata siku moja ya ziada, apande treni aende. Akae dawatini asome ile sura ya chakula cha mchana, na ndani ya mkoba awe amefunga samaki kidogo na mboga.