Nilivyohama chuo Marekani baada ya mwaka mmoja

Kila ikifika Januari napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa wadogo zangu walio mwaka wa kwanza Marekani: "Dada, hapa sipapendi, nataka kuhamia chuo kikubwa, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi naandika hapa.

Kwanza hesabu. Harvard huchukua kama wanafunzi 12 tu wa kuhamia kwa mwaka, katika maombi yanayozidi elfu moja. Princeton ilifunga mlango huo mwaka 1990 ikaja kuufungua 2018. Mwaka huo waliomba watu 1,429, wakakubaliwa 13. Cornell ni habari nyingine kabisa, huingiza mamia kila mwaka. Kwa hiyo kabla hujagusa fomu ya chuo chochote, tafuta idadi ya wanaohamia pale, siyo ya wanaoanza upya. Mimi niliomba vinne. Vitatu vilinikataa.

Nilikuwa kwenye chuo kidogo, katika mji ambao basi la mwisho hupita saa kumi na mbili jioni. Nilitaka kusoma isimu. Chuo kilikuwa na kozi moja tu ya isimu, ya utangulizi, ikifundishwa na profesa wa Kifaransa, na kufikia Desemba nilikuwa nimeimaliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu ya kweli. Ila kwenye insha yangu ya kwanza haikuonekana. Nilijaza theluji, chakula kisicho na ladha, na mshauri wa masomo ambaye hakujibu barua pepe zangu kwa wiki tatu. Nikampa kaka mmoja Mkenya wa mwaka wa nne anisomee. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia kompyuta: "Hii umeandikia chuo ama chifu?"

Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza upya. Safari hii nilianza na bibi yangu wa Muheza, anayenisemesha Kibondei nami nikamjibu kwa Kiswahili. Kwa ajili ya zoezi la ile kozi nilikuwa nimemrekodi kwenye simu akitaja vyombo vya jikoni, nikajikuta siwezi kuandika nusu ya ninachokisikia. Nikaeleza hapo nilipokwama, nikataja kozi mbili za chuo ninachokiomba ambazo zingenikwamua, basi. Chuo cha zamani kilipata sentensi moja, tena ya shukrani. Wanaosoma fomu hizi hawapimi umeteseka kiasi gani. Wanataka kujua ukifika kwao utafanya kitu gani ambacho hapo ulipo hakiwezekani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulishtukia wakiwa wamechelewa. Harvard na Yale hufunga maombi tarehe 1 Machi, Stanford na Cornell tarehe 15. Vyuo vya aina hii huomba barua za maprofesa waliokufundisha hapo chuoni. Piga hesabu: umefika Agosti, Februari unaomba barua, katikati kuna muhula mmoja tu. Aliyeishi muhula huo begi likiwa limefungwa, anakaa viti vya nyuma na hasalimiani na mtu, barua ataipata wapi? Ajabu ya kuhama ni kwamba atakayefanikiwa kuondoka ni yule aliyeishi kama haondoki. Mimi kwa bahati nilikuwa nakwenda ofisini kwa profesa wa Kifaransa kila Alhamisi tangu Oktoba. Haukuwa ujanja, irabu za Kifaransa zilikuwa zimenishinda. Siku ya kumwambia nataka kuhama, mikono ilikuwa imelowa jasho. Aliinuka akafunga mlango, nikajua leo nimelikoroga. Akarudi kukaa, akachukua kalamu: "Mwisho wa kutuma ni lini?"

Na muhula wa pili usiuchezee. Kuna fomu utakayompelekea kila profesa ajaze maendeleo yako ya katikati ya muhula. Wanaosema alama za mwaka wa kwanza hazina maneno wanakudanganya.

Nyumbani nako kuna kazi. Kwa kuwa umesoma chuo mwaka mmoja tu, matokeo yako ya sekondari bado yanatakiwa. Mdogo wangu alikwenda shuleni Tanga mara tatu. Mara ya kwanza mwalimu wa taaluma alikuwa kwenye semina. Mara ya pili mwalimu yupo, ila muhuri umefungiwa kwenye droo ya mkuu wa shule, na mkuu kasafiri kwenda Dodoma. Mara ya tatu ukagongwa, halafu kijana wa steshenari akaskani karatasi mbili kichwa chini. Anza Novemba. Na usitangaze kwenye grupu la familia, kwetu ukisema unahama chuo watu wanajua umedisko tu. Shangazi yangu alifunga na kuniombea.

Pesa ndiyo inayoangusha wengi. Ufadhili uliopewa na chuo cha kwanza hauhami na wewe. Andikia kila chuo uulize mambo mawili: je, mnawasaidia wanafunzi wa kigeni wanaohamia, siyo wanaoanza? Na je, nikiomba msaada, nafasi yangu ya kukubaliwa inapungua? Wanaweza kukujibu vizuri kwa wanaoanza na vibaya kwa wanaohamia, kwa hiyo soma jibu mara mbili. Kisha ujiandae na CSS Profile, fomu ya mapato ya familia, inayotaka kujua hadi mali. Nilimpigia mama kumuuliza shamba letu la michungwa lina thamani gani kwa dola. Akanyamaza kidogo: "Kwani wanataka kulinunua?" Nikaweka makadirio ya haki, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwamba michungwa yenyewe imezeeka na mwaka ule bei ilikuwa ya kutupa.

Ukikubaliwa, usiharakie kuruhusu chuo cha zamani kihamishe rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kabla barua ya msaada wa fedha haijafika mkononi. Mpaka siku ya kuhamishwa unaweza kughairi, ikishapita chuo cha zamani hakina tena uwezo juu yake. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano tangu siku hiyo. Ada ya SEVIS sikulipa tena, na viza yangu ambayo haikuwa imeisha iliniingiza nchini ikiwa na jina la chuo cha zamani, nikiwa na I-20, ile hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, ya chuo kipya. Lakini mambo ya viza yanabadilika, uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujapanda ndege. Kozi nazo hazitakubaliwa zote. Mimi katika nane zilikubaliwa sita, ya uandishi nikairudia na watoto wa mwaka wa kwanza.

La mwisho: majibu mengi hutoka Mei, mengine Juni, wakati kozi na vyumba vya mwaka wa pili hugawiwa Aprili. Jiandikishe hapo hapo ulipo kama wenzako wote. Mimi nilikuwa nimeshachagua chumba na binti mmoja Mnepali tuliyepika naye wali mwaka mzima. Nilipompigia kumwambia nimepata na ninaondoka, alikaa kimya, halafu akauliza kama ile birika ya umeme namwachia. Nilimwachia.