Barua kwa mwanangu: mpeleke Kashata akapimwe

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Mbwa wako Kashata ana wiki tisa, leo siku ya tatu anatapika na kuhara damu. Daktari kamtazama akiwa bado mikononi mwako, kasema ni parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaochubua utumbo wa mbwa, kamchoma sindano moja na kukwambia usipoteze hela, hana zaidi ya siku mbili. Ndipo ukaniuliza: "Baba, nikimpeleka kwa mwingine si nitakuwa nimemdharau huyu?"

Mpeleke. Tena leo, barua hii malizia kuisoma ndani ya bajaji.

Kuhusu dharau, niulize mimi niliyewahi kudharauliwa. Mwaka 1994, wewe hujazaliwa, mwalimu mmoja aliniletea mtoto wa mbwa aliyenyong'onyea. Nikasema minyoo, nikampa dawa, nikanawa mikono. Kesho yake mkojo wa yule mbwa ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mwalimu hakurudi kwangu. Alimtia kwenye kikapu, akapanda basi hadi mjini, na huko daktari akamtoboa sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo na kuona vijidudu vya homa ya kupe. Mbwa akapona. Mimi nilinuna wiki nzima, salamu ya mwalimu naijibu nusu. Kumbe hadubini ya kituo changu lenzi yake ilikuwa imeota ukungu tangu masika, nami nilikuwa natibu kwa kukisia. Na mtaani wote waliniita daktari, ilhali nilikuwa bwana mifugo wa diploma tu. Siku hizi walau tangu sheria ya 2003 kuna Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa wanyama. Muulize anayekupokea kama amesajiliwa, si kosa.

Huyo wako huenda amepatia. Mbwa wa umri huo, chanjo moja tu, matapishi, na damu yenye ile harufu usiyoisahau: hata mimi parvo ningeifikiria kwanza. Ila hakupima. Kipimo chake ni kijiti cha pamba cha kuchukulia kinyesi na kipande cha plastiki kama kile cha malaria, na baada ya dakika kumi hivi mistari inasomeka. Kikisema hayupo kirusi, wasiishie hapo, maana kuna siku humkosa. Wapime na kinyesi kwa hadubini. Minyoo ya safura huingia kwa maziwa ya mama yake, ikamnyonya mtoto damu mpaka fizi zinakuwa nyeupe kama nazi na choo cheusi kama lami. Kuna pia utumbo kujimeza, kipande kikaingia ndani ya kingine, ukipapasa tumbo unakuta kitu kama soseji. Huo hautibiki kwa sindano, ni wa kupasuliwa.

Mfunue mdomo sasa hivi. Bonyeza fizi kwa kidole gumba, achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, hali ni mbaya. Mvute na ngozi ya shingoni. Ikibaki imesimama kama hema, amekauka maji. Parvo yenyewe haina dawa ya kuiua. Anayepona huvushwa na dripu, dawa ya kuzuia kutapika, na antibiotiki kwa ajili ya bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka. Wakiwahiwa hivyo, wengi hupona. Kumwacha akilala hapo Kihonda bila dripu ndiko kutakakoufanya utabiri wa siku mbili uwe kweli.

Hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, unayo hapo hapo Morogoro, piga simu kwanza. Mweke kwenye beseni lenye kanga kuukuu, asikanyage sakafu yao, na useme mlangoni kwamba anahara damu, maana kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi. Beseni na sakafu yako osha kwa Jik, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji. Panadol usimpe, hata akilia.

Kwa yule wa kwanza pita, umwambie: "Daktari, shikamoo, naomba uniandikie dawa uliyomchoma, kiasi na saa, nampeleka kupimwa." Hiyo karatasi ni muhimu kuliko unavyodhani, wa pili akimrudishia dawa ileile kwa kutojua, anaweza kumuumiza. Wa pili mweleze ulichokiona, jibu la mwenzake mpe akishamaliza kumpapasa, asije akaangalia kwa macho ya mwenzake. Naye akithibitisha parvo, usianze kuzunguka mji mzima kutafuta wa kukupa jibu tamu. Mtibu, au kama wote wawili wanaona anateseka bure, nipigie tuongee.

Mama yako, ambaye mbwa hapitishi kizingiti chake toka tuoane, tangu alfajiri ameniuliza mara tatu kama Kashata amekula. Nimekutumia elfu hamsini kwenye simu. Ni ya vipimo, usiigeuze bando.

Baba yako