Mumeo kuandika wosia si uchuro. Na hicho kiwanja cha kwa kaka yako?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma. Tulifunga ndoa kanisani, tuna watoto wawili na nyumba hapa Morogoro tuliyojenga wote. Juzi nimekuta wosia wake kabatini. Hana hata mvi, ila mama yake ndiye kamshawishi, na kasaini kama shahidi. Nyumba kaniachia mimi na wanangu, lakini shamba la Kilosa kampa mama yake, na kiwanja kampa mtoto aliyezaa kabla hatujaoana. Naona wananitabiria ujane ili wale mali. Mimi nilishajihami, nimenunua kiwanja Mikese kwa jina la kaka yangu. Nifanyeje? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Kukutana na neno "nikifa" kwenye mwandiko wa mumeo kunashtua, sikatai. Pole.

Tuanze na hilo "nimekuta". Mara nyingi mtu akishaandika wosia huutia kwenye bahasha akaigundisha. Kama uliifungua kwa mvuke wa birika au kwa kisu cha jikoni, hilo ni lako na Mungu wako.

Halafu niambie, tangu lini mtu anayetaka kukudhulumu akakuandikia nyumba? Mama mkwe wako ana mtoto anayelala barabarani, anashuka mlima Kitonga usiku na mzigo mgongoni. Kamwambia mwanawe aandike. Huyo si mchawi, ni mama mwenye akili, na aliyefaidika zaidi na akili yake ni wewe.

Hujui ungekutana na nini bila karatasi hiyo. Ukoo ungekaa kikao, ungemteua msimamizi wa mirathi, pengine shemeji yako mkubwa, na muhtasari ungepelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Akitokea wa kudai kwamba mliishi kimila, iko sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963, na hadi leo inasema mjane hana fungu ikiwa marehemu kaacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Cheti cha ndoa ya kanisani peke yake hakikuvushi hapo, maana mahakama huangalia pia mliishi vipi. (Waislamu wana mafungu yao: mke hupata thumuni, yaani moja ya nane, kama marehemu kaacha watoto, na wosia hauvuki theluthi ya mali.)

Kinachokuuma si wosia. Ni yule mtoto. Umemtaja mwishoni, baada ya shamba, kama mtu anayepita haraka mbele ya mlango wa mdai wake. Alikuwepo kabla yako, na baba yake ni huyo huyo wa wanao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Mumeo kamtengea chake mapema ili asije na mwanasheria msibani. Hapo kakukinga wewe.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Kamati ya harusi inakaa miezi inajadili ukumbi, keki na sare za kamati, lakini hakuna anayeuliza hati ya nyumba itasoma jina la nani. Miaka inapita, mke hajui mshahara wa mume, mume hajui mke anacheza vikoba vingapi. Siku ya msiba ndipo watu wanatafutana namba za siri za simu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa liko moja kwenye wosia huo, nalo ni la kitaalamu: mrithi hashuhudii wosia. Sahihi ya mama mkwe inawapa watu sababu ya kuupinga. Mumeo akirudi, mwambie ukweli kwamba umeusoma, kisha auandike upya, aweke tarehe na kusaini mbele ya watu wazima wawili wanaojua kusoma na kuandika, wasiopata kitu humo. Amtaje na mtekelezaji wa wosia. Anaweza kuuhifadhi RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), kwa wakili au benki, na anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu. Mkumbushe pia kwamba anagawa cha kwake tu. Jasho lako kwenye nyumba hiyo si lake kuligawa.

Sasa Mikese. Nyani haoni kundule. Unamlaumu mume aliyeandika kila kitu kwa uwazi, wewe umeficha kiwanja kwenye jina la mtu mwingine. Ukifa kesho, kwa karatasi za mauziano, kile ni cha kaka yako. Wanao watasimama mbele ya mjomba na mke wa mjomba wakiwa na maneno matupu. Umewakinga na nani hapo?

Nenda na kaka yako serikali ya mtaa mbele ya mashahidi, mwandikishiane kwamba kiwanja ni chako, kisha kihamie jina lako. Andika na wosia wako, ukitaja kiwanja na vikoba. Kaka akianza kuzungusha maneno, niandikie tena. Hiyo ndiyo barua niliyoitegemea.