Mwalimu, mhariri amenirudishia makala ya chuo cha nyanya

SWALI: Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, kwetu Malindi. Nyanya yangu wa Mkomani, Lamu, ana chuo, yaani kitabu, cha utenzi kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alichokirithi kwa mamake. Nilikipiga picha, nikaandika makala, nikayapeleka kwa jarida moja la kitaaluma. Baada ya miezi mitano mhariri ameniletea maoni ya wasomaji wawili waliopewa kuyapima makala, wanaotaka “marekebisho makubwa”. Mmoja anasema unukuzi wangu “umesafishwa kupita kiasi” na kwamba tarehe niliyotoa, 1858, si sahihi. Wa pili anauliza chuo ni cha nani na kiko wapi. Je, niyaondoe nijaribu kwingine? Kuna jarida jingine limeniandikia likiahidi kuyachapisha kwa siku nne nikilipa. Na chuo chenyewe, nimwombe nyanya anipe nikikabidhi mahali?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waleikum salaam, mwanangu. Hiyo barua ni ya heri, ila haisomeki hivyo siku ya kwanza. Mhariri asiyetaka makala yako hakwambii urekebishe, hukushukuru basi. Ilaze siku mbili tatu kisha uifungue tena.

Nimetazama picha ulizoniambatishia, na msomaji wa kwanza ana haki. Mnakili ameandika “ndia”, wewe umeandika “njia”. Ameandika “mato”, umeandika “macho”. Hiyo ni Kiamu, lahaja ya Lamu, mwanangu, na ndiyo inayotuonyesha alitoka wapi aliyeandika au aliyetunga. Umemvua mtu kilemba chake ukamvisha tai. Weka mistari mitatu: wa kwanza herufi kama zilivyo kwenye karatasi, wa pili usomaji wako kwa lahaja yake, wa tatu Kiswahili sanifu kwa asiyeijua Kiamu. Kurasa zitaongezeka, lakini msomaji ataweza kukukosoa, na ndiyo kazi yake.

Pia onyesha ulipobahatisha. Unajua hati zetu za zamani: bee moja hubeba b, p na mb, na i na e mara nyingi hazitofautiani. Mimi hilo nililijua tangu madrasa kwa mwalimu wangu, na bado likanitia aibu. Miaka mingi nyuma nilipata daftari la mwenye nyumba mmoja wa Langoni. Nikaona bee na alifu, nikasoma “baa”. Nikaandika ukurasa mzima, kwa machozi kidogo, juu ya baa lililoifika nyumba ile: labda ndui, labda njaa. Msomaji wa jarida akajibu kwa sentensi moja: “Mwandishi atazame mstari unaofuata, kuna boriti na makuti.” Lilikuwa paa. Mzee wa watu alikuwa anahesabu gharama za kuezeka! Tangu siku hiyo kila neno lenye shaka nalitilia tanbihi, natoa usomaji wa pili, hata kama wa kwanza naupenda zaidi.

Tarehe ni jambo dogo, lakini usilipuuze. Chuo kinasema Rajabu 1275. Wewe umechukua 1275 ukageuza mwaka mzima kuwa 1858. Mwaka ule wa Hijria ulianza Agosti 1858, na Rajabu ni mwezi wa saba, kwa hiyo tumo Februari 1859 au siku za mwanzo za Machi. Ungekuta mwaka mtupu bila mwezi ungeandika 1858/59. Tena useme wazi kuwa hiyo ni tarehe ya kunakili. Utenzi wenyewe waweza kuwa mkongwe kuliko karatasi.

Karatasi hiyo uieleze vizuri. Pima urefu na upana, hesabu majani, taja rangi za wino, mistari kwa kila ukurasa. Weka taa ya simu nyuma ya jani moja, usilikunje, utazame kama pana alama ndani yake. Ukiona picha tatu za mwezi mwandamo zilizojipanga, hiyo ni karatasi ya aina iliyotengenezwa Italia, ikauzwa sana nchi za Waislamu. Haikupi mwaka, lakini yakupa njia ya biashara.

Sasa swali la nyanya. Msomaji wa pili hakufanyi mwizi, anataka kujua asili ya kitu. Andika kwa sentensi mbili kilivyorithiwa na kwamba mwenyewe ameridhia kichapishwe. Muulize kwanza kama anataka jina lake litajwe. Kina nyanya wa Mkomani si wote wanaopenda kutajwa. Na usimwombe chuo. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha pale Lamu vilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini, vyenyewe vikabaki Lamu. Mwachie chuo chake, umpe nakala ya picha, na umwondolee lile sanduku ukutani penye unyevu.

Hao wa siku nne waache. Yapo majarida ya heshima yanayotoza ada, lakini hakuna anayeweza kumpata msomaji wa Kiamu, akasoma, akajibu, kwa siku nne. Wala usipeleke makala kwingine kabla hujayaondoa rasmi hapo yalipo. Wahariri hawalisamehi hilo.

Ukirudisha, ambatisha barua: kila hoja yao, chini yake ulichofanya na ukurasa wake. Usipokubaliana nao, sema kwa adabu na utoe ushahidi.

Jambo jingine. Kwenye picha ya ukurasa wa mwisho, pembe ya chini kushoto imefunikwa na kidole chako. Naona ncha ya “bin” ikichungulia. Nenda kaipige upya, maana baada ya “bin” nadhani pana jina la babake mnakili.