Maswali ya Wasomaji: Ukali wa Sigaa na Ladha Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimelima tumbaku ya mvuke hapa Urambo kwa zaidi ya miaka ishirini, na majani nayapanga katika madaraja yake kwa kuyagusa tu. Mwaka jana mkwe wangu aliniletea kutoka Havana sigaa moja, ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, iitwayo Partagás Serie D No. 4. Niliiweka kabatini tangu Juni hadi Oktoba, kisha nikaivuta asubuhi moja kabla ya chai. Ulimi uliniwaka, moshi ulikuwa mchungu, na kabla sijafika katikati jasho jembamba lilinitoka na kichwa kikazunguka. Mkwe ananiambia kuwa wajuzi huisifu sana. Wanaonja nini hasa, na je, ukali huo ndio sifa yake?
Mkulima, Urambo

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Yaliyokupata hayana chanzo kimoja, na anayeonja sigaa huanza kazi yake hapohapo, kwa kutenganisha mambo ambayo mdomo umeyapokea kwa pamoja.

Kizunguzungu kimetokana na nikotini. Jani lako la mvuke hukaushwa banini kwa moto kwa muda wa wiki moja hivi, sukari yake nyingi ikabaki ndani, na moshi wake huwa na asidi. Ndiyo maana sigara ya kawaida huvutwa hadi mapafuni. Jani la sigaa hutundikwa bandani likauke kwa hewa kwa wiki kadhaa, kisha hurundikwa lichachuke kwa joto lake lenyewe, na kufikia hapo sukari imekwisha karibu yote. Moshi wake una tabia ya magadi, na nikotini yake hupenya moja kwa moja katika ngozi laini ya kinywa. Haumezwi. Nadhani wewe, kwa mazoea ya sigara, uliumeza, tena tumbo likiwa tupu. Zaidi ya hayo, sigaa ya aina hii hutiwa kiasi kizuri cha majani yaitwayo ligero, yale ya juu ya mche yaliyopigwa na jua hadi yakawa mazito, yenye mafuta na nikotini nyingi kuliko ya chini.

Hiyo ndiyo nguvu, nayo hupimwa na mwili mzima. Uzito ni jambo jingine: ni namna moshi unavyojaza kinywa, kama vile mtindi unavyotofautiana na maji hata kabla hujasema lolote juu ya ladha. Sigaa yaweza kuwa nzito isimleweshe mtu, na yaweza kulewesha huku ikiwa haina ladha ya kutajwa. Kwa hiyo ukali si sifa wala si kasoro. Swali ni kama nyuma yake kuna kitu.

Ulimi kuwaka ni kosa la kabati. Sigaa hutunzwa katika unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na kiangazi cha Urambo hakiujui unyevu huo. Iliyokauka hupoteza mafuta yake, huungua haraka na kwa joto kali, na moshi wa moto huwa mchungu hata kama jani lilitoka katika shamba bora la Pinar del Río, huko Kuba. Kwa kweli hukuonja Serie D No. 4, mzee wangu. Ulionja mabaki yake.

Ukipata nyingine, anza na vidole, na hapo una faida ambayo waonjaji wengi wa mjini hawana. Ibonyeze taratibu kuanzia ncha hadi ncha: isiwe na uvimbe mgumu wala pengo laini, na jani la nje lisitoe mlio wa kupasuka. Kata kifuniko tu, yaani kipande kidogo cha jani kinachoziba ncha ya kuvutia, kisha vuta hewa kabla ya kuwasha. Ikigoma sasa, itagoma na moto pia. Washa bila kuugusisha mwali na jani, ukiizungusha. Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi, kwa sababu haraka huunguza ladha. Sigaa hii ina urefu wa milimita 124 na unene unaokaribia 20, na ikivutwa kwa utulivu huchukua muda usiopungua sana saa moja.

Ladha zenyewe hukaa zaidi puani. Ulimi unajua chumvi, uchachu, uchungu, utamu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Pilipili manga, kahawa chungu, ngozi mpya, udongo uliolowa mvua, vyote hivyo vinavyotajwa kwa sigaa hii, ni harufu. Basi shika moshi kinywani kidogo, kisha mara mojamoja pitisha sehemu ndogo sana puani wakati wa kuutoa. Andika unachokipata mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa maneno ya nyumbani kwako. Iliyo nzuri hubadilika njiani. Isiyobadilika huchosha hata ikiwa na nguvu za farasi.

Kuhusu alama, jarida la Marekani Cigar Aficionado, lililoanzishwa mwaka 1992, huonja sigaa zikiwa zimevuliwa pete, ile karatasi yenye jina inayozizunguka, ili jina lisimpendelee mtu, na hutoa alama hadi 100. Utaratibu wa kuvua pete naupenda; tarakimu zenyewe naziamini kidogo. Hizi ni kazi za mikono, na mbili za sanduku moja huweza kutofautiana. Usiihukumu kwa moja.

Ule kwanza kabla ya kuvuta, na uwe na kitu chenye sukari karibu. Na usidhani kutomeza moshi ni kinga, kwani saratani za kinywa na koo huwapata wavutaji wa sigaa pia.

SWALI: Je, ni kweli kwamba jivu jeupe na refu ndilo alama ya sigaa bora?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Nusu ya kweli. Jivu linaloshikamana kwa sentimita mbili au tatu huonyesha kuwa ndani mna majani marefu, si vipande vilivyokatwakatwa, na kwamba mviringaji alijua kazi yake. Rangi hutegemea zaidi madini ya udongo, hasa magnesiamu, na jivu la kijivu si aibu. Tazama zaidi mstari wa moto: ukiungua upande mmoja kila mara hata baada ya kurekebishwa, hapo pana kasoro ya uviringaji au ya utunzaji.