Ruta mbili nyumba moja, kompyuta hazionani: nilivyotatua kwangu

Mkuu, umesema intaneti ipo nyumba nzima, kompyuta ya uani inafungua folda za sebuleni, lakini ya sebuleni haiioni kabisa ya uani. Mimi hilo limenisumbua wiki nzima. Mke wangu anachapa kadi za harusi chumba cha uani, printa iko huko, na mimi sebuleni nilikuwa nabeba faili kwenye flashi.

Kompyuta zako ni nzima. Bila shaka waya kutoka ruta kuu ya sebuleni umeuchomeka tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ruta ya pili ya uani, kwa hiyo ruta hiyo imeanzisha mtandao wake. Kwangu anwani za kompyuta za sebuleni zilianza na 192.168.1, za uani 192.168.0, yaani mitandao miwili tofauti. Wa uani akitoka, ruta yake inampitisha kwa anwani ya ruta yenyewe na majibu yanarudi. Wa sebuleni hajui njia ya kwenda uani, na hata ukimwonyesha, ruta ya pili inamfungia: kwake yeyote anayetokea upande wa WAN ni mgeni.

Angalia kwanza menyu ya ruta ya pili. Ikiwa na hali ya Access Point (ruta inasambaza tu mtandao wa ruta kuu bila kuanzisha wake), chagua hiyo, umemaliza. Yangu ya zamani haikuwa nayo, nikafanya kwa mkono.

Chomoa waya wa ruta kuu. Unganisha laptopu kwa waya kwenye ruta ya pili peke yake, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, badilisha anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani) iwe 192.168.1.2 (kama kuu ni 192.168.1.1). Hakikisha ruta kuu haigawi hiyo .2 kwa kifaa kingine. Ruta ikiwaka upya, ingia kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP (kazi ya ruta ya kugawa anwani kwa vifaa). Tafadhali fuata mpangilio huo. Mimi nilianza kuzima DHCP, laptopu ikakosa wa kuipa anwani, ikajipa yenyewe ya 169.254, na ukurasa wa ruta ukagoma kufunguka. Nikabonyeza kitufe cha kuirudisha kiwandani kwa ncha ya sindano, nikaanza upya. Ingetosha kuiandikia laptopu anwani kwa mkono, ya mtandao uleule wa ruta.

Mwisho, waya wa ruta kuu usiurudishe WAN. Uchomeke tundu lolote la LAN, WAN libaki tupu. Zima na uwashe kompyuta za uani zichukue anwani mpya. Nilipoona ya mke wangu imepata 192.168.1.104, printa ilitokea sebuleni dakika ileile.

Bado hazionani? Kwenye Windows weka mtandao huo uwe Private, kote kuwili. Ukiupa Public, kompyuta inajificha. Na usitegemee ping (amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu) pekee, Windows inaweza kuizuia hata folda zikiwa zinafunguka.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema wapangaji wawekwe kwenye ruta ya pili kwa WAN ili watengwe na mafaili yako. Hapana, ndugu yangu. Umeona mwenyewe wa ruta ya pili anavyofika sebuleni bila kizuizi. Wapangaji wape Wi-Fi ya wageni ya ruta kuu, ukihakikisha umezima ruhusa ya kufikia mtandao wa ndani.