Kutoka visikizi vya sikioni kwenda hedifoni kubwa

Ndugu, kama hedifoni kubwa utazitumia kwenye daladala za Buzuruga, Mwanza, na nyumbani pia, chukua zenye vikombe vya masikio vilivyozibwa nyuma. Za wazi sauti yake ni pana, ila kelele za konda zinaingia zote na jirani anasikia wimbo wako. Soma ukinzani kwenye boksi, yaani kiasi hedifoni inavyozuia umeme, hupimwa kwa omu: omu 16 hadi 32 simu inazimudu, za 250 bila amplifaya mara nyingi zitakutolea sauti hafifu.

Dukani zivae robo saa, na miwani yako kama unavaa, maana mkono wa miwani ukiinua sponji inayokaa sikioni, besi inavuja. Sponji za ngozi bandia kwa joto la Mwanza hulowa jasho, kisha hubanduka vipande vyeusi shingoni. Za kitambaa zinapumua, ingawa huziba kelele kidogo. Muhimu sponji ziwe za kubadilishika, na waya uweze kuchomolewa.